Nani Alikuwa Anamla Sultani Mkia?

Mwalimu alinipigia simu Jumamosi moja ya mwezi wa Machi, asubuhi na mapema, akaniambia samaki wake anaoza. "Mdogo wangu, Sultani anaoza mkia, na dawa nimeshamwekea zote." Sultani ni beta dume, buluu iliyokolea, wa aina ile ambayo mkia ukifunguka unakuwa nusu duara kamili kama upepeo. Mwalimu alimnunulia mwanawe wa miaka tisa. Nilikuwa namfahamu samaki huyo tangu alipoingia nyumbani, kwa kuwa ndiye mimi niliyesaidia kuandaa tangi. Majirani zake sikusaidia kuwachagua.

Nakieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: beta anakaa na samaki gani? Anayeuliza huwa anataka majina matano ya kwenda nayo dukani. Mwalimu alikuwa na majina hayo, aliyaandika kwenye karatasi kwa mwandiko wake mzuri wa ubaoni, na ni hiyo karatasi iliyomponza.

Tangi na waliokuwemo

Tangi lina urefu wa sentimita 60, upana 30 na kimo 30, yaani lita 54. Ukitoa kokoto, mawe na nafasi ya hewa juu, maji yenyewe ni kama lita 45. Nyumba iko Dar es Salaam, na hita haimo. Kwa Dar wengi wetu hatuna, kwani maji ya sebuleni yanakaa nyuzi 27 hadi 29 wakati wa joto, na Julai yanashuka hadi 24 au 25. Aliye Nairobi, Arusha au Mbeya asituige hapo: usiku wa kule utamgandisha beta, anayetaka 25 hadi 28. Maji ni ya bomba, yanakaa kwenye pipa wazi siku mbili ili klorini itoke. Filta ni ile ya kuning'inia ukingoni, na tulikuwa tumeiacha ifanye kazi wiki sita kabla ya samaki yeyote kuingia, ili bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitriti, na nitriti kuwa nitrati, wapate kuota.

Humo ndani waliingia Sultani, gapi madume watatu, na tetra watano wekundu. Gapi muuzaji aliwatoa kama nyongeza. Tetra waliletwa na ile karatasi, kwa sababu iliandikwa "tetra", na Mwalimu alipofika dukani akaomba tetra, akapewa tetra. Hakuna aliyemdanganya mwenzake pale.

Tatizo ni kwamba tetra ni jina la mamia ya spishi, wengi wao wa Amerika ya Kusini na Kati, na wengine wa huku huku Afrika. Wanaosifiwa kuwa majirani wa beta ni wale wadogo wapole, kama neon, Paracheirodon innesi. Hawa wa Mwalimu walikuwa Hyphessobrycon eques: mwili mwekundu wa damu, doa jeusi kama koma nyuma ya shavu, pezi la mgongoni jeusi. Ni samaki mzuri sana kumtazama, na kwa wafugaji anajulikana kila mahali kama mng'ataji wa mapezi. Na angeweza pia kupewa tetra wa Kongo, Phenacogrammus interruptus, anayefika sentimita nane na kuhitaji tangi refu la kuogelea. Angeomba neno lile lile, akarudi nyumbani na mnyama mwingine kabisa.

Hukumu ya kwanza ilimwangukia Sultani

Wiki ya kwanza gapi mmoja alikutwa mkia umechanika, na siku ya tatu akafa. Mtoto alikuwa amemwona Sultani akimtunishia gapi yule vifuniko vya matamvua, mapezi yote yamefunguka, akimsukuma pembeni mwa kioo. Hilo lilikuwa kosa la Sultani kweli, ila ni kosa lililopangwa na sisi tuliowaweka pamoja. Gapi dume ana mkia mpana wa rangi kali unaopepea, na kwa macho ya beta huyo ni dume mwenzake aliyeingia uwanjani bila hodi.

Beta asili yake ni Thailand, ambako anaitwa pla kat, samaki anayeng'ata. Kwa karne nyingi watu wa kule walizalisha madume kwa ajili ya kupiganishwa, wakibakiza wakali na kuwaacha waoga, na mwaka 2019 serikali ya Thailand ikamtangaza kuwa mnyama wa majini wa taifa. Porini anaishi kwenye mabwawa ya kina kifupi na mashamba ya mpunga yaliyojaa majani, na huko dume akizidiwa anaondoka, ugomvi unakwisha. Gapi yule hakuwa na pa kuondokea. Alifika kwenye kona ya kioo, na baada ya kona hakuna shamba la mpunga.

Kwa hiyo nyumba nzima ikaamini kwamba muuaji ni Sultani. Imani hiyo ndiyo iliyotupotezea wiki tatu. Mapezi ya Sultani yalipoanza kukatika, hakuna aliyefikiri kwamba yeye ndiye anayeonewa. Muuaji haonewi. Basi lazima ni ugonjwa, na ugonjwa wa mapezi unaojulikana na kila mtu ni kuoza.

Mwalimu akaenda duka la dawa, akanunua vidonge vya tetrasaiklini vya binadamu, akavifungua na kumwaga unga ndani ya maji. Nilipofika maji yalikuwa na rangi ya chai na povu juu. Nikapima amonia kwa kile kipimo cha matone: miligramu 1 kwa lita, mahali panapotakiwa sifuri. Dawa ya kuua bakteria haiwezi kuwatambua bakteria wetu wema wa kwenye filta ikawaruka. Kwa hiyo samaki wanane waliobaki, ambao kabla ya vidonge walikuwa na tatizo moja, sasa walikuwa na mawili. Hili la vidonge linaniuma, na narudia kwa kila anayenisikiliza: usimwage antibayotiki kwenye tangi kabla hujajua unatibu nini. Tulibadilisha nusu ya maji hapo hapo, kesho yake robo, na kila siku robo hadi kipimo kikarudi sifuri siku ya tisa.

Kusoma jeraha

Mapezi ya beta yanapopungua, washukiwa ni watatu, na kila mmoja anaacha alama yake.

Kuoza kunaanzia ukingoni na kurudi nyuma kama karatasi iliyoshika moto: ukingo unakuwa mweusi, kahawia au mwekundu, wakati mwingine na utando mweupe, na unakwenda mfululizo. Mshukiwa wa pili ni beta mwenyewe. Hawa wenye mikia mizito ya nusu duara huchoka kuivuta, hasa penye mkondo mkali wa filta, na baadhi hujipinda na kujing'ata. Anayejing'ata anaondoa pande kubwa la mkia kwa mara moja, na analitoa pale tu mdomo unapofika. Wa tatu ni jirani, naye anaacha tundu dogo la nusu mwezi lenye ukingo safi, kama biskuti iliyong'atwa na mtoto. Kuna moja huku, moja kule, bila mpangilio.

Nilimweka Sultani kwenye chupa pana ya kioo, nikainua chupa dirishani. Pezi la mkia lilikuwa na nusu miezi minne, ukingo safi, rangi haijabadilika. Pezi refu la chini lilikuwa na mbili nyuma kabisa. Kilichonimalizia mashaka ni yale mapezi mawili membamba yanayoning'inia chini ya koo kama ndevu: la kushoto lilikuwa limekatwa katikati. Hapo mdomo wa Sultani haufiki hata ajipinde vipi.

"Mwalimu, huyu haozi," nikamwambia. "Huyu anang'atwa."

Mtoto, ambaye tangu nifike alikuwa amenipa shikamoo na kukaa kimya pembeni, akasema: "Mimi nilisema. Wekundu wanamla mkia. Nikasema, mama akasema ni yeye ndiye anayewafukuza."

Mwalimu alimtazama mwanawe kidogo, akasema, "Kweli, baba. Ulisema."

Nikaomba tuzime taa tukae. Ilikuwa saa 12 na nusu jioni, giza linaingia, taa ya koridoni tu imebaki. Mchana niliwatazama tetra hawa na sikuona kitu. Walizunguka katikati ya tangi kama kundi lolote. Dakika kumi baada ya taa kuzimwa, Sultani akapanda kulala juu ya jani la mmea karibu na uso wa maji, kama ilivyo kawaida yake. Beta ana kiungo juu ya matamvua kinachomwezesha kuvuta hewa ya juu, kwa hiyo kila baada ya muda hupanda, hubusu uso wa maji, hushuka. Anapopanda, mwili unasimama wima na mkia wote unaning'inia nyuma yake bila mwangalizi. Ni wakati huo tetra mmoja alipotoka chini, akadonoa, akarudi kundini. Tendo zima halikufika nusu sekunde. Sultani aligeuka, akatunisha matamvua, na mbele yake hapakuwa na mtu. Akamtunishia kivuli chake kwenye kioo.

Tulihesabu. Katika dakika ishirini aliumwa mara saba. Mtoto aliandika kwenye daftari la hesabu, vistari vinne na kimoja cha kukata, kisha viwili.

Jicho linaweza kudanganya, hivyo tulifanya jaribio. Sultani alihamia kwenye ndoo nyeupe ya lita kumi yenye mfuniko uliotobolewa, maji yakibadilishwa nusu kila siku, na jani moja kavu la mkungu, ule mti wa kungu, ndani. Mikungu imejaa mitaani Dar, na jani lake kavu ndilo hilo hilo ambalo wafugaji wa Thailand wamekuwa wakilitumia kwa beta tangu zamani. Linatoa tanini inayotia maji rangi ya chai nyepesi na kuyafanya yaegemee kwenye uasidi kidogo. Okota lililodondoka lenyewe, mbali na moshi wa magari na dawa za wadudu, lisuguliwe kwa maji matupu.

Angekuwa anaoza, mapezi yangeendelea kupungua ndani ya ndoo. Angekuwa anajing'ata, yangekatika upya. Siku ya sita ukingo wa kila nusu mwezi ulikuwa na utando mwembamba usio na rangi, kama plastiki ya kufungia daftari. Hilo ni pezi jipya; huota bila rangi, rangi huja baadaye. Na ndani ya tangi, kwa kuwa Sultani hayupo, tetra wekundu waliwageukia gapi wawili waliobaki, kisha wakaanza kudonoana wao kwa wao. Kundi la watano ni dogo mno kwa spishi hii. Wakiwa wengi kwenye nafasi kubwa, udonoaji wao unagawanyika na kuishia humo humo kundini. Wakiwa watano ndani ya lita 45, kila mkia unaopepea ni mkia wao.

"Si nimtafutie mke?"

Tetra walipelekwa kwa mfugaji mwenye tangi la lita 200 ambaye tayari alikuwa na wenzao, gapi wakaenda kwa jirani. Sultani alirudi kwenye tangi peke yake, na nilitamani yaishie hapo. Nilimwambia Mwalimu wazi kwamba beta dume hahisi upweke. Hana kundi porini. Majirani tunawaweka kwa ajili yetu tunaokaa kwenye kochi, na tukishakubali hivyo tunawajibika zaidi, kwa kuwa yeye hakuomba.

Mwalimu alifikiri, akauliza: "Basi si nimtafutie mke?"

Hili nalo huulizwa sana, na nia yake ni njema. Lakini beta hawana ndoa. Dume hujenga kiota cha mapovu juu ya maji, jike huletwa kwa saa chache akiwa tayari, wakimaliza anaondolewa mara moja, na dume hubaki kulinda mayai. Jike akibakizwa atafukuzwa kama adui wa kiota. Ndani ya lita 45 angefukuzwa hadi afe.

Mtoto alitaka wenzake wawepo, na mama alitaka mtoto aone kazi hii ikifanywa vizuri baada ya kuiona ikiharibika. Nikakubali. Tulikaa na karatasi mpya, na safari hii hatukuandika majina kwanza. Tuliandika Sultani ni nani: mwogeleaji wa polepole, mkia mrefu, anakaa juu, anakula nyama, anaishi maji ya nyuzi 28 na lita 45 tu. Kisha kila aliyependekezwa alipimwa mbele ya maneno hayo.

Samaki wa dhahabu aliondoka kwanza. Anapenda maji ya baridi, anachafua kupita kiasi, na anakua kuliko tangi lenyewe. Moli ana vurugu na anataka maji magumu, yaani yenye madini mengi. Gurami ni ndugu wa karibu wa beta, ana kile kile kiungo cha kuvuta hewa na anagombea eneo lile lile la juu. Shemeji yake Mwalimu alijitolea kuleta vifaranga vya perege, nikamshukuru na kumweleza kwamba kifaranga cha leo ni samaki wa kukaanga wa kesho, na kwamba njiani atapita kwenye umri wa kumla Sultani. Mbuna wa Ziwa Nyasa, wale wa buluu na manjano ambao kila mtu anawapenda, ni wakali na maji yao ni magumu yenye pH ya karibu 8. Hata beta mzima na mwenye nguvu asingemaliza wiki.

Nilimtafakari sana korido, wale samaki wadogo wa masharubu wanaochakura chini. Kwa tabia anafaa kabisa: yuko chini, hana mkia wa kumchokoza mtu, hamjali beta. Orodha nyingi zinamweka wa kwanza. Lakini korido wengi wanastarehe chini ya nyuzi 26, na Februari ya Dar haishuki huko. Zaidi ya hapo kokoto za Mwalimu zilikuwa za mawe yaliyopondwa, zenye kingo kali, na korido anazamisha mdomo chini kutwa nzima. Masharubu yake yangeisha. Anayeishi Iringa mwenye mchanga laini ningemwambia achukue sita kwa moyo mweupe. Swali moja, miji miwili, na jawabu linageuka.

Kamba wadogo wekundu mtoto aliwataka sana. Nilimweleza kwamba kwa beta wengine kamba ni jirani na kwa wengine ni chakula cha jioni, na huwezi kujua kabla hujapoteza fedha. Tuliwaacha.

Tukabaki na rasbora, Trigonostigma heteromorpha, yule mwenye pembetatu nyeusi ubavuni na mwili wa rangi ya shaba. Anatoka Malaysia, Singapore, Sumatra na kusini mwa Thailand, kwa hiyo joto la Dar analizoea. Hazidi sentimita tano. Mkia wake ni mfupi na mwembamba, haumkumbushi beta dume mwenzake. Anakaa katikati ya maji na Sultani juu. Mdomo wake ni mdogo na hana mazoea ya kudonoa mapezi, hasa akiwa na wenzake wa kutosha. Porini anaishi kwenye maji laini, lakini waliozaliwa kwenye mabwawa ya kufugia wanavumilia maji ya bomba ya kawaida. Maji ya kisima chenye chumvi, kama vingi vya ukanda huu wa pwani, nisingewatilia. Tukakubaliana wanane.

Na konokono wawili wa nerita wenye milia myeusi, wa kula mwani wa kijani unaposhika kioo. Hawa, Vittina natalensis, kwa asili ni wa pwani yetu ya Afrika Mashariki, wa kwenye mikoko na midomo ya mito. Watoto wao hawakui kwenye maji yasiyo na chumvi, hivyo hawalijazi tangi. Shemeji aliposikia neno konokono akasema kwao mtoni wako wengi. Hapo sikuwa na utani. Konokono wa mitoni na mabwawani, Bulinus na Biomphalaria, ndio wanaobeba vimelea vya kichocho, na mtoto atakuwa anaingiza mikono ndani ya tangi hili kila wiki. Konokono atoke kwa mfugaji, asitoke mtoni.

Kuwaingiza

Duka liliwapata rasbora baada ya wiki tatu. Walikaa kwenye beseni na filta ya sifongo wiki mbili nyingine tukiwatazama, na mmoja aliyekuja amekonda alifia humo. Wakabaki saba. Ile filta ya kuning'inia tuliifunga sifongo mdomoni ili mkondo upungue, kwa sababu samaki mwenye mkia kama ule akipambana na mkondo kutwa atakuwa na hasira hata jirani awe malaika.

Siku ya kuhamia, Sultani alirudishwa kwenye ndoo. Tulihamisha mawe yote, tukaongeza mimea ya Anubias na mingine inayoelea ili macho yasivuke tangi kutoka upande hadi upande, tukawaingiza rasbora, na kuwaacha siku mbili peke yao. Sultani aliingia wa mwisho, jioni, taa zimezimwa. Alikuta mahali ambapo hapajui na wenyeji waliomtangulia. Beta anayeingizwa hivyo anakuwa mgeni, na mgeni hana uwanja wa kulinda.

Asubuhi alitunisha. Alimkimbiza rasbora mmoja urefu wa kiganja, akaacha, akarudi zake juu. Mwalimu alinipigia simu sauti imepanda. Nilimwuliza mambo matatu: akimkimbiza, anamfuata hadi kona au anaacha? Rasbora baada ya kukimbizwa anarudi kundini au anajificha nyuma ya filta? Kuna pezi lolote lenye nusu mwezi? Anaacha, anarudi, hakuna. Nikamwambia anywe chai. Kutunisha ni kauli ya beta, anawaambia wenzake yuko wapi. Cha kuogopa ni kumfuata mmoja huyo huyo, tena na tena, hadi pembeni. Ndoo ilikaa karibu na tangi na maji safi kwa mwezi mzima, na hili nalisisitiza: usiingize jirani kwa beta kama huna pa kumweka beta usiku huo huo.

Chakula ndicho kilichotusumbua kuliko ugomvi. Rasbora ni wepesi, punje ikigusa maji wameshaichukua, na Sultani alikuwa anafika meza imeondolewa. Mtoto alipata njia: anawamwagia rasbora upande wa filta, wakishakusanyika anakwenda upande wa pili na kumpa Sultani punje zake moja moja kwa ncha ya kijiti. Tatu au nne, basi, kwani tumbo la beta ni dogo.

Usiku wa umeme

Mwezi wa Mei umeme ulikatika saa 2 usiku na haukurudi hadi alfajiri. Hili sijaliona likitajwa kwenye orodha za majirani wa beta, na kwetu ni jambo la kila mara. Sultani akiwa peke yake hakatiki pumzi. Filta ikisimama, yeye anapanda na kuvuta hewa. Rasbora hana kiungo hicho. Anategemea oksijeni iliyoyeyuka kwenye maji, na maji ya joto hushika oksijeni kidogo. Saa 6 usiku Mwalimu aliamka akawakuta wote saba wamejipanga juu, midomo inachezacheza, na Sultani katikati yao ametulia kabisa. Walikaa kwa zamu, yeye na mwanawe, wakichota maji kwa kikombe na kuyamimina tena kutoka juu, kila baada ya dakika chache. Walinusurika wote. Wiki hiyo hiyo akanunua pampu ya hewa ya betri, na sasa kila anayeniomba ushauri namwuliza umeme wa kwake ukoje kabla sijamtajia samaki yeyote.

Rasbora mmoja tulimpoteza Juni, aliruka kupitia upenyo wa mfuniko mahali filta inapoingilia. Upenyo uliwahi kuonekana na haukuzibwa, na mimi ni mmoja wa waliouona. Umezibwa kwa kipande cha wavu wa dirisha. Beta naye ni mrukaji, ungeweza kuwa yeye.

Mapezi ya Sultani yameota yote, isipokuwa ile ndevu ya kushoto iliyobaki fupi. Pale palipokuwa na nusu miezi rangi imerudi hafifu, na mishipa ya pezi imepinda kidogo, ukimtazama kwa mwanga wa dirishani utaona kila mahali alipoumwa. Konokono mmoja amepoteza ncha ya pembe, na huyo ni Sultani bila shaka yoyote. Tulimwona akiidonoa akidhani ni mnyoo. Imeanza kuota.

Daftari la hesabu bado linaandikwa kila jioni. Ukurasa wa jana ulisomeka hivi: "Rasbora 6. Konokono 2, mmoja hana pembe. Sultani kala punje 4. Ameng'atwa mara 0. Jani la mkungu limeisha."

Leo asubuhi kabla ya shule mtoto alipita kwetu akaniomba ngazi.